Jicho Lisilosalimia

Mwiba wa mkonge uliniharibia jicho la kushoto nyuma ya nyumba yetu Kilosa, nikimfukuza kuku. Kuku mwenyewe hakukamatika.

Daktari aliponiambia jicho lazima litolewe, nililia wee, naye akaningoja. Kisha akanieleza vitu vinavyojazwa ndani ili uso usibonyee. Kuna tufe la plastiki ngumu. Kuna la matumbawe, lenye vitundu ambamo mishipa ya damu huota. Na wengine hujazwa mafuta na ngozi yao wenyewe, vinavyokatwa takoni. Hilo la tatu nililikataa kabla hajamaliza. Nikawatazame wakwe zangu kwa makalio? Daktari akacheka, akasema kinachojazwa ndani hakionekani. Mbele huvaliwa ganda lililochorwa jicho. Nikachagua plastiki. Ndoo yetu ya plastiki nyumbani ipo tangu niko darasa la pili.

Daktari akaishonea misuli ya jicho kwenye lile tufe, na ganda lilipokuja likawa linacheza kushoto na kulia sawasawa na mwenzake. Nikaringa! Mchumba wangu nilimwambia ukweli, ila nikamkataza asiseme kwao Mikumi. Niliogopa wasije wakasema kijana wao kaokota kilema. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Siku moja stendi ya Mikumi, nikiangaza huku na huku kutafuta gari la kurudi Kilosa, nilimpita mama yake akiwa upande wangu wa kushoto. Mimi sikumwona. Jicho langu, kumbe, lilimgeukia likamtazama vizuri kabisa. Jioni mchumba akapiga simu.

"Mama anasema umemkazia macho na hujamwamkia. Barua ya posa ameizuia."

Kwetu afadhali uvune mahindi ya jirani kuliko kumpita mama mkwe bila shikamoo. Nilimpenda yule kijana, sikuwa tayari kumkosa kwa sababu ya plastiki. Asubuhi nikapanda gari, roho juu.

Nilimkuta mama yake uani akipepeta mchele. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Kumbe leo unaniona?"

"Mama, jicho hili halioni."

"Usinifanye mtoto. Lilinitazama hilo."

Nikainama, nikalitoa lile ganda, nikaliweka kiganjani. Kisha nikainua uso hivyohivyo, ile nyama nyekundu inayofunika tufe ikiwa wazi. Hata mchumba wangu hakuwahi kuiona. Niliona aibu.

Alinitazama. Ungo akauweka chini.

"Panauma?"

"Hapaumi, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akanyanyuka na kigoda chake na ungo wake, akanizunguka, akakaa upande wangu wa kulia, akaendelea kupepeta.