Demareri ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hapandi pikipiki. Anasema mwanamke wa umri wake, mwenye magoti mabovu na kitenge kilichofungwa vizuri, hawezi kumkumbatia kijana asiyemjua kutoka Gihundwe mpaka soko la Kamembe huku watu wakitazama. Ana gari lake. Ni gari la Kifaransa la zamani, rangi ya chai ya maziwa, alilorithi kwa marehemu mumewe, na analiendesha mwenyewe, kichwa juu, kilemba kikigusa paa.

Taabu ilikuwa kuliwasha. Starta yake, demareri kama tunavyoiita huku, ilikuwa imechoka. Kila jioni gari lililala barabarani mdomo ukielekea bondeni, na asubuhi liliteremka lenyewe mpaka injini ishike. Mlima wetu ndio uliokuwa demareri. Lakini mlima haumfuati mtu sokoni. Siku moja gari lilimzimikia mbele ya stendi ya mabasi, vijana wakalisukuma huku wakiimba, mmoja akapiga picha, na picha ikafika Kigali kwa mwanawe mkubwa.

Shemeji yangu huyo ni mtu mwema, naomba hilo lieleweke. Alipiga simu akasema sasa basi: Jumapili angekuja, gari angelipeleka kwa mnunuzi, na mama angehamia kwake Kigali, ghorofani, chumba kilikuwa tayari. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kuya," akamwambia. "Utawasha motokari weye mwenyewe, na kifunguo. Ikikatala, nitakwenda na weye Kigali. Ikiwaka, utaniacha kwangu."

Shemeji alikubali upesi, maana ile demareri aliifahamu.

Hakufahamu tu mama yake alikuwa na mashoga wangapi. Mama mkwe ameuza vitenge mpakani tangu ujana wake, na wanawake wa upande wa Bukavu, Kongo, wanamwita dada. Neno lilivuka asubuhi kwamba anatafuta demareri, na kabla wiki haijaisha demareri nyingine ilivuka jioni, imetolewa kwenye gari lililokufa huko, imefungwa kwenye mfuko ndani ya beseni la sambaza, wale dagaa wa ziwani. Iliponifikia ilinuka samaki hata paka wa jirani alinifuata mpaka uani.

Jumamosi fundi wetu wa magari alikwenda mazikoni Bugarama, mke wangu alikuwa zamu hospitalini, na shemeji angefika kesho yake. Mimi ni fundi umeme wa majumba. Gari nalijua kidogo, lakini kidogo ni bora kuliko Kigali. Nikasema nitaifunga mwenyewe. Kumbe kwenye gari lile kazi ni ya watu wawili: mmoja alale chini aishikilie demareri, mwingine asimame juu akaze bolti inayojificha nyuma ya injini. Na nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama mkwe.

Asiyeoa kwetu hataelewa. Mkwe hamshiki mama mkwe mkono. Hamtazami usoni, hali mbele yake, na chombo hampokezi mkono kwa mkono. Kinawekwa mahali, mwenzako anakiokota. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nikimsalimia mama huyu nikiwa nimeangalia viatu vyake. Sasa ningelala chali miguuni pake, miguu yangu nje kama ya mlevi!

Nilibaki nakuna kichwa. Yeye aliingia ndani akatoka na kitenge kikubwa. Akafungua boneti, akakifunga kitenge kutoka boneti mpaka kwenye kioo cha pembeni, kikashuka kama pazia la kanisa. Upande mmoja ukawa wake, mwingine wangu. Vifaa akaviweka kwenye sahani ya bati, na kila nilipohitaji kitu sahani ilipenya chini ya kitenge ikisukumwa kwa ufagio. Nilipenda akili ya yule mama. Wengine wangesema haiwezekani wakaenda kulala.

"Mukwe, unaitaka kle gani?"

"Ya kumi na tatu, Maman."

Ufagio, sahani, spana ya kumi na tatu.

Nilichomoa betri kwanza, nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikalegeza nyaya, nikaitoa demareri ya zamani. Nilihesabu meno ya ile mpya, yalikuwa sawa. Nikaipandisha kifuani, nzito kama mtoto aliyelala, nikaiingiza mahali pake. Juu nikamsikia mama mkwe akikaza bolti yake, anapumua kwa nguvu, akiwaita watakatifu kwa Kishi, lugha ya upande wa Bukavu. Akasema tayari. Nikatoka chini, nikarudisha betri, nikajipangusa, nikaingia kwenye usukani na kugeuza ufunguo.

Tk.

Nikageuza tena. Tk, kisha kimya. Nilimwona mama mkwe ghorofani Kigali, kwenye kiti cha plastiki, akitazama barabara asiyoijua, na nikaona aibu kama vile mimi ndiye niliyempeleka.

Nyuma ya kitenge mama mkwe akakohoa.

"Mukwe, ile waya ya masi, ile nene yenye inatoka kwa injini, haukuirudisha. Niliiona tangu saa ile."

"Maman! Juu ya nini haukusema?"

"Mama atasahihisha mukwe? Bantu batasema nini?"

Nikafunga macho. Nilikuwa na langu pia. Nikiwa kule chini nilisikia demareri ikicheza. Bolti yake ya juu haikukazwa vizuri, nami nilijua, nikanyamaza, kwa sababu mkwe hamwambii mama mkwe kwamba kazi yake imelegea.

"Maman, unisamehe. Na bolti yako... haijashika muzuri."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Kwanza ilikuja sauti ndogo, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika boneti, nami nikacheka huko kwenye usukani, na jirani akachungulia juu ya ua kuona tumepatwa na nini. Halafu kitenge kikaanguka. Alikuwa amekivuta mwenyewe.

"Heshima hii itatupeleka siye bote Kigali," akasema. "Lala chini. Kamata demareri, usukume juu na nguvu. Mungu anatuona, na yeye anajua magari yamezeeka."

Nikachomoa betri tena, nikalala, nikarudisha waya wa masi, yaani wa ethi, nikaikandamiza demareri kwa mikono yote miwili. Mkono wake ukashuka kutoka juu kati ya mabomba, mkono wenye bangili na oili mpaka kwenye kiwiko, ukatafuta mahali pa kushika, ukatua juu ya mkono wangu. Haukuondoka. Aliubana mkono wangu pamoja na demareri, na kwa mkono wa pili akakaza bolti mpaka nikasikia chuma kimetulia. Nilikuwa nimemheshimu mama huyu kwa kuambiwa nimheshimu, na pale chini ya gari nikamheshimu kwa nafsi yangu.

Tulipomaliza nilirudisha betri, naye akaenda kunawa. Ufunguo hakuniachia niujaribu. Aliugeuza mwenyewe, mara moja. Injini ikaitika kabla hajavuta pumzi.

Jumapili baada ya misa shemeji akafika na shati jeupe na dereva wa kulipeleka gari. Mama mkwe alimpa ufunguo akakaa barazani, mikono mapajani. Shemeji akawasha. Likawaka. Akazima, akawasha tena, likawaka. Akafungua boneti akaitazama injini kwa muda mrefu, kisha akaifunga boneti polepole.

"Nani aliifunga, Maman?"

"Siye babili," akasema mama mkwe, akanyoosha mkono apewe ufunguo wake. Alimshukuru kwa safari, akamwambia chakula kiko jikoni, akatoka na gari kwenda Kamembe kumjulia hali rafiki yake. Peke yake, kioo wazi, akipiga honi kwa kila aliyemfahamu.

Tukabaki uani wanaume wawili. Nilitaka kufanya utani kidogo, kama mashemeji wanavyofanya, lakini nilipomtazama nikaona macho yake yamelowa.

"Shemeki," akaniambia, "ile chumba nilipaka rangi mimi mwenyewe. Batoto bangu hawamujue bibi yao."

Nilikwenda jikoni nikaleta chakula, tukala sahani moja, tukimsubiri arudi.