Kitambaa Juu ya Kompyuta ya Baba

Mimi ndiye niliyeiharibu kompyuta ya baba, lawama nikamwachia yeye.

Ilikuwa mashine kuukuu, boksi zito la kijivu, aliyopewa alipostaafu ualimu. Nyumbani kwake Chanika alikuwa akiandikia humo habari za ukoo wetu. Mimi, fundi mwenye kibanda Tegeta, sikuvumilia kuiona ikijikokota. Nikang'oa prosesa, ubongo wake, nikaweka yenye kasi zaidi. Hiyo mpya ilikuwa na joto jingi, nami nililijua hilo, lakini feni ya kuipoza nikaiacha ileile ndogo. Nilisema nitaleta kubwa wiki ijayo. Mganga hajigangi, na baba yake hamgangi pia.

Baba akaanza kupiga simu: mashine inazima akiwa katikati ya kuandika, na maneno yanapotea. Nikienda naiwasha, inafanya kazi asubuhi nzima bila tatizo. Nikamfundisha upya namna ya kuhifadhi, kwa sauti ambayo yeye hakuwahi kuitumia kwa mwanafunzi. Safari ya tatu nikachoka.

"Baba, mashine ni nzima. Ni wewe unabonyeza ovyo."

Alivitazama vidole vyake. "Inawezekana, mwanangu. Ndiyo uzee huu."

Hakupiga simu tena. Nikafurahi, mjinga mimi, nikidhani kazi inaendelea.

Tulipoanua matanga yake, mama aliniambia niichukue mashine. Niliiwasha kama ilivyokuwa, bila kugusa kitu. Juu yake palikuwa na kitambaa alichokifuma mama kuikinga na vumbi, kimening'inia mpaka kikaziba matundu ya nyuma ya kutolea joto. Chai yangu haijapoa, ikazima. Nikamuuliza mama kama baba alikuwa akiandika kitambaa kikiwa hapo. Alilishangaa swali. Siku zote kilikuwa hapo, akasema, ila nikija mimi ndiye ninayekitoa na kukiweka kitini.

Nilikasirika, na hapakuwa na wa kumkasirikia.

Feni kubwa niliifunga siku iliyofuata, kazi isiyofika nusu saa. Kisha nikakaa kusoma. Ameandika juu ya babu yake, shule alizofundisha, harusi yake na mama. Mwishoni mama ana mimba ya kwanza, nao wanabishana jina la mtoto. Sentensi imekatika hapo. Mtoto huyo ni mimi, na katika habari za ukoo wetu bado sijazaliwa.