Light Moja, Aibu Mbili

Nacheka sasa kwa sababu shati limeshakauka, ila siku ile ningepata shimo pale Kariakoo ningejifukia mwenyewe.

Mimi ni wa stoo, kazi yangu kubeba majora ya vitambaa, lakini ndoto yangu ni kaunta (kwenye wateja, kwenye feni). Nikamganda tajiri wangu, Mama Jyoti, wiki nzima, naapa Kiingereza nakiweza, mpaka akachoka: "Haya, leo kaunta. Ukiharibu, unarudi stoo."

"Siharibu, mama!"

Mteja wa kwanza, mama wa kizungu, akashika kitambaa cha suti, akajipepea, akasema neno ninalolijua: "Light."

Dada Zuhura wa kaunta alikuwa pembeni yangu, ningemuuliza tu, lakini nitaulizaje na nimeshaapa? Light si taa? Nikavuka barabara mbio hadi duka la umeme, nikarudi na balbu.

Yule mama akaitazama balbu, akanitazama mimi, akagusa tena kile kitambaa. "No, no. Lighter!"

Aaa, kumbe kiberiti cha gesi! Nikachomoka tena hadi kwa muuza sigara, nikarudi nahema, na ili ajue si kibovu nikakiwasha palepale, katikati ya majora yaliyopangwa hadi darini.

"Moto!" Mama Jyoti akapiga kelele. "Wewe, zima! Unanichomea duka?"

Kariakoo neno "moto" halisemwi mara mbili. Wabeba mizigo wakavamia na ndoo ya mama ntilie ya kuoshea vyombo, nikaogeshwa mimi na balbu yangu, na punje za wali kichwani.

Zuhura kicheko kimembana: "Jamani, mama wa watu anataka kitambaa chepesi! Hicho kizito!"

Nilitaka kulia. Badala yake nikapanda ngazi hivyohivyo nachuruzika, nikashusha jora jepesi kuliko yote (uzito wa kila jora bega langu linaujua). Yule mama akalipuliza, likapepea, akakatiwa mita sita.

"Umeuza, vizuri," akasema Mama Jyoti. "Sasa rudi stoo."

Nimerudi, na daftari mfukoni, kila neno na maana zake zote. Jumamosi naomba kaunta tena, na nikipewa, mdomo utauliza kabla miguu haijatoka. Wabeba mizigo wao wameshanibatiza, nikipita tu: "Laiti, mambo?" Naitikia poa. Jina ni la haki: laiti ningeuliza.