Umapada Alipotoka Ulaya Mikono Mitupu

Watu wa kijiji chetu cha Nandigachha, huku Bengali, mpaka leo watakuambia kwamba Nistarini alimfukuza mwanawe wa pekee jikoni kama afukuzwavyo paka. Waongo wakubwa! Wengi wao hawakuwapo siku hiyo, na wachache waliokuwapo walikuwa wanachungulia uani kwa umbea wao, wameona kitendo wasisikie neno. Sisi tuliotenganishwa naye na ua wa mianzi tu ndio tunaojua.

Nistarini alifiwa na mume mwanawe Umapada, tuliyemwita Uma, akiwa bado ananyonya. Tangu hapo akavaa nyeupe ya ujane, akala mlo mmoja kwa siku, bila samaki wala kitunguu, akaishi kwa shemeji yake Haranath akipikia nyumba nzima. Kuoga mtoni, kupika, kufagia, kulala. Kilichomwamsha asubuhi ni yule mtoto.

Na mtoto alikuwa na kichwa, jamani! Babu zake walikuwa Wabrahmani, tabaka la makuhani, wajuzi wa Kisanskriti, naye akakimeza hicho na Kiingereza juu yake. Mwalimu wake ndiye aliyelitia nyumbani lile jambo la mtihani. Kijana akifaulu, alisema, ataajiriwa na serikali, atakuwa hakimu wa wilaya, Mbengali atakayekaa kitini huku Wazungu wamesimama mbele yake.

Sasa sikiliza dhuluma. Kazi ni ya kutawala Bengali, lakini mtihani uko London. Tena serikali ilikuwa imeushusha umri, ukishapita miaka kumi na tisa mlango umefungwa, hata uwe na akili za malaika. Na Mbrahmani kufika London lazima avuke bahari, maji meusi tunavyoyaita, na akivuka, utakatifu wa ukoo unamtoka. Yaani uupoteze utu wako kwanza, ndipo uruhusiwe kuulizwa maswali!

Haranath akaenda kwa wazee wa dini. Wakatafuna tambuu, wakatazamana.

"Kijana aende," mkubwa wao akasema. "Akirudi hakimu, aya ya kumsafisha itapatikana."

"Na asiporudi hakimu?"

"Haranath, ndugu yangu, unaanza safari kwa kupiga chafya, utuletee mkosi?"

Wakacheka, akacheka naye, mambo yakaishia hapo.

Kabla ya kuondoka Uma alikaa kizingitini pa jiko, mama yake anapukuchua maua ya mgomba.

"Mama, wanauliza Kilatini na Kigiriki, na wafalme wao wote tangu Adamu. Kisanskriti cha babu wamekipa alama chache."

"Basi wameze hao wafalme wao wote. Nani atakushinda wewe?"

"Watoto waliozaliwa huko huko, mama."

"Na wewe umezaliwa na mimi. Nenda zako, usinilize, mboga itaingia chumvi."

Akaenda. Muda wote aliokuwa Ulaya, Nistarini aliheshimiwa kuliko alivyowahi kuheshimiwa maishani. Wanawake walimpisha mtoni. Khiroda, jirani yetu, ambaye mdomo wake haukujua kufungwa, alimwita "mama hakimu" na kumwomba amkumbukie mwanawe kazi ya ukarani. Nistarini alikuwa akimkemea huku anatabasamu. Mjane anatabasamu! Hilo nalo lilikuwa jambo geni kwetu.

Kisha Haranath akarudi kutoka Kalkata, uso umemshuka. Uma alikuwa ameukosa ule mtihani. Si kwa mengi, kwa alama kidogo tu, Kigiriki ndicho kilichomwangusha. Na kurudia hawezi, umri umekwisha.

Wiki haikupita, wazee wakaja wenyewe. Safari hii hakuna aliyetafuna tambuu. Wakasema aya haikupatikana. Umapada asikanyage ndani ya nyumba, na nyumba itakayompokea hakuna atakayekula humo, wala kuoa humo. Haranath alikuwa na binti aliyekwisha poswa.

"Shemeji, nifanyeje?" Haranath akamwambia Nistarini. "Akija akae barazani, ale kwenye jani la mgomba kama mgeni, aende zake. Nina binti."

"Angekuwa hakimu mngemkalisha wapi?"

Haranath akavaa viatu vyake, akatoka.

Nistarini hakula siku mbili. Siku ya tatu alimfuata Khiroda mtoni, akamwambia jambo ambalo hakuna mjane wa kijiji chetu aliyewahi kulitamka.

"Dada, nimeamua. Nitakula naye sahani moja, waone wote. Kisha tutakwenda zetu Kashi, mji mtakatifu. Kule wajane wamejaa, nani atatuuliza habari zetu?"

"Mama Uma, una wazimu? Ukifa nani ataichoma maiti yako?"

"Mwanangu."

"Watakutenga!"

"Wanitenge. Wamenipa nini mpaka sasa?"

Khiroda akajitwika mtungi wake, akaondoka bila hata kuaga.

Siku ya kuja kwake Uma, Nistarini alioga mapema, akaingia jikoni na nguo mbichi mwilini. Alipika maua ya mgomba kwa nazi, akateleka wali wa maziwa. Alitaka kwanza chakula kitolewe kwa mungu wa nyumba, kwa shukrani kwamba mtoto amerudi hai, ndipo wao wawili wale. Na chakula cha kutolewa hakionjwi, wala mpishi haguswi na mtu aliyetoka njiani, awe nani awe nani. Mwenzetu yeyote anajua hilo. Akiguswa, chungu kizima kinamwagwa.

Uma alifika kabla ya wakati. Hakukaa barazani kama alivyoagizwa, alizunguka nyuma kama alivyozoea alipokuwa akitoka shule, amevaa suruali, amekonda, macho yameingia ndani. Akamwona mama yake mbele ya meko. Akainama aishike miguu yake kwa kumwamkia.

Na miguu ikarudi nyuma yenyewe.

"Usiniguse, nimeoga!"

Loo! Neno hilo alikuwa amemwambia kila siku tangu anatambaa. Alimwambia Haranath, alituambia sisi, alimwambia kila mtu. Lilitoka kabla moyo haujaambiwa. Maziwa yakafura chunguni, akageuka kuyaepua, akisema, "Ngoja, baba, ngoja kidogo tu, ni chakula chako hiki..."

Alipogeuka tena, uani hapakuwa na mtu.

Mjane wa Kibrahmani hakimbii barabarani. Yeye alikimbia, nguo mbichi inamganda miguuni, kichwa wazi, akiita, "Uma! Uma, rudi! Nakushika, baba, njoo nikushike!" Watu wakatoka milangoni. Alipofika mtoni, kivuko kilikuwa kimekwisha fika ng'ambo, kwenye stesheni. Alikaa pale matopeni akilia kwa sauti, na hatukuweza kumwinua.

Uma alikwenda Ranguni, nchi ya Burma, akapata kazi ya kufundisha. Nistarini alimtumia salamu kwa kila aliyekwenda huko, wakubwa kwa wadogo: mwambieni nilikuwa nimekwisha amua kula naye. Mwambieni ni kwa ajili ya chakula. Miaka ikapita. Mwishowe akaja mfanyabiashara mmoja wa mbao, akamkuta amekaa kizingitini, akamweleza taratibu kwamba homa imemchukua Umapada.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Uliwahi kumfikishia maneno yangu?"

"Nilimfikishia, mama. Yote, kama ulivyoniagiza."

"Akasemaje?"

Yule mtu akatazama chini.

"Alicheka, mama. Kicheko kizuri, hakikuwa na kinyongo. Akasema, 'Mama yangu ni mtu mwema, ananionea huruma ndiyo maana ananidanganya. Mwambie simlaumu. Alifanya sawasawa.'"