Mikono Miwili Kwenye Mwiko

Mshonaji wa mtaa wetu, tuliyemwita Mama Penseli, alikuwa akitutumia mapishi mepesi kwenye kundi la simu, kila moja na mchoro wake. Mistari yake ilinyooka kama pindo la gauni. Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, na sufuria alizochora zikawa kama zinaonekana ndani ya maji.

"Mama, umebadilisha mtindo!" akaandika jirani mmoja, mwalimu. "Sasa ndiyo sanaa."

Kusema wazi hakuthubutu. Mshonaji anayetetemeka hapewi kitambaa, na cherehani ndiyo iliyomlisha. Alitaka mtu mmoja tu agundue, ampeleke hospitali bila kelele. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua; kuhusu anayeyachora hawakusema lolote. Basi akatuma pishi la uji: "Shika mwiko kwa mikono miwili. Ukiwa peke yako, keti kwanza. Uji ukimwagika, usilie." Chini yake akachora mikono miwili iking'ang'ania mwiko.

Tulimshukuru kwa wingi, maana sisi ni watu wa shukrani.

Asubuhi wifi yake akabisha hodi. Mama Penseli alikimbilia mlango, machozi tayari.

"Wifi, nimejaribu ile mikono miwili! Uji umekuwa laini, acha tu. Shika, uonje."

Mama Penseli akalipokea bakuli kwa mkono wa kulia; likaanguka.

"Ala! Kosa langu, nimelipaka mafuta," wifi akacheka, akainama kupangusa sakafu. "Lakini utamu wake, wifi yangu, we!"