Neno Tulilolibakiza kwa Safari ya Pili

Mjomba wangu alifungwa kwa kumvunja mkono mtu wa Kitangari. Waligombania zamu ya kuteka maji bondeni wakati wa kiangazi, mjomba akampiga kwa mzega, mti wa kubebea maji begani. Hakukana. Kifungo alichopewa na mahakama ya liwali hata sisi hatukukiona cha uonevu. Lakini bibi, mama yake, alikuwa anaumwa, na hakuwa na mtoto mwingine wa kiume. Alitaka kumwona kabla hajafa, basi.

Tuliambiwa tunaweza kumwomba Bwana Shauri, Mwingereza aliyeshika wilaya, ampunguzie adhabu. Babu, kaka wa bibi na msemaji wa ukoo, ndiye aliyepanga maneno. Kwetu jambo zito haliishi kwa safari moja. Anayekwenda kuposa husalimu, hueleza kidogo, hukataliwa, hurudi. Kukataliwa mara ya kwanza si tusi; unapimwa kama kweli unataka.

Kabla ya hapo babu alikuwa amekwenda Kitangari. Aliyeumizwa alipokea mbuzi, wakala pamoja, akaahidi kuja bomani Newala kumtetea mjomba kwa kinywa chake.

"Huyo tumweke kwanza," babu alisema. "Tukimtoa leo, tutakaporudi tutasema nini?"

Nilifuatana naye bomani kama mkalimani, kwa sababu yeye alizungumza Kimakonde tu. Tulisema bibi anaumwa, tunaomba huruma. Bwana Shauri alisikiliza, akakataa. Tulirudi nyumbani tukiwa na matumaini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ninapokumbuka.

Safari ya pili mtu wa Kitangari alikuwa pamoja nasi. Karani, kijana wa pwani, alitukuta barazani.

"Shikamoo, mzee. Ombi lenu si lilikwisha?"

Nikatafsiri. "Marahaba," babu akajibu. "Lilianza."

Karani akacheka. "Mzee, hapa hamkuja kuposa."

"Mkono uliovunjika ni wangu," yule wa Kitangari akadakia, akiuinua. "Au na wenyewe ni wa serikali?"

Karani aliingia ndani, akakawia, akatoka na swali. Ombi lililokwisha kukataliwa halifunguliwi tena, alisema, isipokuwa kwa jambo ambalo waombaji hawakuweza kulijua mara ya kwanza. Je, tulijua lini kwamba huyu amesamehe?

Nilimtafsiria babu polepole, neno kwa neno, ili aone upenyo uliobaki. Aliuona. Akamtazama yule wa Kitangari, kisha karani.

"Tulijua kabla," alisema.

"Mbona hamkusema?"

"Ilikuwa mara ya kwanza."

Tangu wakati ule nimejisomea sheria, kwa vitabu vya kuazima, na naelewa kwa nini kesi lazima ifike mwisho. Ningekuwa ndani ya ofisi ile, pengine nami ningekataa kulifungua tena ombi letu. Kuelewa hakujanipunguzia majuto. Bibi alizikwa mjomba akiwa bado gerezani Lindi.

Alipotoka alitaka kujua tulivyomwombea. Babu alimweleza yote, bila kuficha.

"Kwa hiyo siku ile ya kwanza mlikuwa mmeshampata," mjomba akasema.

"Tulikuwa tumeshampata."

Mjomba akaomba aonyeshwe kaburi. Babu alisimama ili amwongoze, kisha akakaa tena chini. Nikampeleka mimi.