Maji Mafu Si Maji Yaliyokufa

Saa tatu asubuhi mjini Palma, kaskazini mwa Msumbiji, Zulmira Ussumane anaandika "Palma" na "wanawake", kwa Kireno, kwenye kompyuta ya duka la fotokopi anakofanya kazi. Hazina ya majarida ya kitaaluma inamletea makala elfu nne. Anafungua tatu za mwanzo. Zote ni za Palma ya Uhispania, mji wa watalii.

"Sisi huku hatumo," anasema, wala hacheki.

Zulmira ana miaka thelathini na moja. Wanafunzi wanaosoma kwa masafa humjia awatafutie makala za tasnifu zao, naye anazijua hazina hizo mpaka vichochoro vyake. Leo anajitafutia mwenyewe.

Kuna kampuni inataka kujenga gati kwenye ufuo ambako wanawake wa kijijini kwao huokota kombe na kuchokoa pweza. Ofisa wa kamati ya fidia, Senhor Gregório, aliyehamishiwa hapa kutoka kusini, amewaambia hawana cha kudai. Ufuo umekufa, utafiti umeandika hivyo. Walipomuuliza utafiti gani, akataja mwaka. Zulmira akautambua: mwaka ule alikuja mtafiti kutoka Maputo, na mkalimani wake alikuwa yeye.

Mama Anchia, mkubwa wa waokotaji, hakumwonea haya. "Kumbe ufuo umeuua wewe, msomi wetu? Basi tuzikie."

Sasa Zulmira anafuta, anaandika upya. Anajaribu kombe, anajaribu pweza. Hamna. Mwishowe anajifanya mtu wa Maputo anayesikia Kiswahili kwa mara ya kwanza, anaandika "madji mafu". Makala inajitokeza, moja tu.

Muhtasari ni wa bure. Unasema wenyeji wenyewe huiita bahari yao maji yaliyokufa, ndiyo maana hakuna mwanamke aliyeonekana akiokota chochote.

Zulmira anapiga meza. Kila mtoto wa pwani hii anajua maji mafu ni zile siku za mwezi ambazo bahari haipwi sana, mwamba hautoki, na wanawake wanabaki nyumbani kusuka ukili. Bamvua ikirudi, maji yanakwenda mbali, nao wanashuka wote. Mtafiti alikaa siku nne, zote za maji mafu.

"Nilimwambia águas mortas, maji mafu kwa Kireno, na wavuvi wa Kireno nao husema vivyo hivyo," anasema. "Hakuuliza maana yake. Aliandika, akaondoka, akapata udaktari kwa kutokuuliza."

Kuisoma makala nzima ni dola thelathini na tisa, karibu nusu ya mshahara wake wa mwezi. Maneno yaliyotoka kinywani mwake, ayanunue!

Anamwandikia mtafiti. Kimya. Analiandikia jarida, baada ya siku sita linajibu kwamba masahihisho huletwa na mwandishi mwenyewe.

Anachapa muhtasari, anampelekea Senhor Gregório na kumweleza. Ofisa anasikiliza mpaka mwisho, anakuna kidevu. "Dona Zulmira, mimi nafuata kilichoandikwa. Lakini sawa, Alhamisi ijayo tunakuja kukagua wenyewe."

Zulmira anahesabu kwa vidole. Alhamisi ijayo ni siku ya nane ya mwezi mwandamo. Maji mafu tena! Anamwomba asogeze wiki moja tu, bahari itakuwa bamvua. Anajibiwa kwamba tarehe imeshapigwa muhuri.

"Wanakuja kuangalia mlango umefungwa, halafu waandike nyumba haina watu," anasema.

Barua ya kuomba tarehe ibadilishwe ameshaichapa. Wanawake sitini na watatu wametia sahihi au dole gumba, Mama Anchia wa kwanza. Ataipeleka kesho.

Ikikataliwa, mpango upo. Wakaguzi watapokelewa vizuri, watatandikiwa mikeka ufuoni na kupikiwa wali siku saba, mpaka bamvua.

"Wasiondoke kabla mwamba haujatoka," anasema Zulmira. "Safari hii wataandika walichokiona."